Mdomo wa Tangi Usiachwe Wazi

Ndugu msikilizaji, mvua za Kigoma zikianza kupiga mabati kati ya Oktoba na Novemba, mwenye tangi la chini ya ardhi hufurahi. Amechimba uani, amejenga kuta, amepiga plasta na kumwaga zege la juu. Lakini muulize mdomo wa tangi umefunikwa na nini. Atakuonyesha kipande cha bati kilichokandamizwa kwa jiwe.

Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Maji ya mvua hutelemka kuelekea ziwani yakipita nyua za watu, yakizoa kinyesi cha kuku na uchafu wa vyoo vilivyojaa. Mdomo ulio sawa na ardhi huyapokea yote. Hatujasahau Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi, kikafika hadi Kigoma mjini. Ugonjwa huo husafiri kwa maji machafu.

Basi tufanyeje? Kabla ya kumwaga zege la juu, fundi aache nafasi ya sentimita 60 kwa 60, mtu aweze kupita na ndoo yake. Nafasi hiyo iwe pembeni mwa tangi, mbali na choo, si mahali maji ya ua yanapotuama. Kwa kuwa zege hupenda kupasuka kwenye kona za tundu, aongeze nondo pande zote nne, na nyingine za mshazari konani. Aache pia nondo zilizosimama, za kushikia shingo.

Shingo hiyo ni ukuta wa zege unaozunguka mdomo. Ipande angalau sentimita 30 juu ya ua uliokwisha sakafiwa, wala si juu ya udongo wa siku ya ujenzi. Zege lake limwagiliwe maji kwa siku saba.

Sasa mfuniko. Wengi hupenda wa zege. Lakini mfuniko wa sentimita 70 kwa 70, wenye unene wa sentimita saba na nusu, hukaribia kilo 90. Mama wa nyumba hawezi kuuinua; ukishafunguliwa, hubaki wazi. Wa bati nene la chuma, milimita tatu au nne, hauzidi kilo 20 hivi. Kingo zake zikunjwe zishuke nje ya shingo kwa sentimita tano, kama mfuniko wa sufuria, ili maji yadondokee nje na mbu wasipate upenyo. Upakwe rangi ya kuzuia kutu, uwekewe bawaba na kufuli.

Kufuli hilo si kwa ajili ya mwizi, ndugu msikilizaji. Ni kwa ajili ya mtoto anayekimbiza mpira uani. Wepesi uliomsaidia mama ndio utakaomponza mtoto, kama hakuna kufuli.

Hata mtu mzima asishuke peke yake kusafisha. Hewa ya ndani huweza kumlegeza kabla hajaita. Tangi liachwe wazi kwanza lipate hewa, huku likilindwa. Anayeshuka afungwe kamba, na mwenzake abaki juu akiishika. Akizidiwa, avutwe, asifuatwe chini.

Gharama ya shingo na mfuniko ni ndogo mno kuliko ya tangi lenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa leo tuishie hapo.