Motokaa Iliyokufa Injini: Itengenezwe au Iuzwe?

Mwaka uliopita, nikipanda kutoka Sotik kwenda Kericho, motokaa yangu ilizimika karibu na Litein. Mvuke ulifuka chini ya boneti kama birika lililosahauliwa motoni. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia mafuta, tuliona mafuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Bwana Karani," akasema, "maji yamechanganyika na mafuta. Umeiendesha ikiwa na kiu."

Maneno hayo yalinichoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Mshale wa joto niliuona umepanda, nami nikaendelea nisije nikachelewa kazini.

Nyumbani shauri likawa kubwa. Mke wangu alitaka tuiuze, ili fedha za bonasi ya majani chai zibaki kwa karo ya watoto. Ndugu yangu alishauri tununue injini iliyotumika kutoka Japani. Sikujua nimsikilize nani, hata nilipoketi na kuandika hesabu.

Kwanza, yafaa kuujua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa. Gasketi iliyoungua si injini iliyokufa, na kichwa cha injini kilichopinda kidogo huweza kusawazishwa kwa mashine. Lakini moshi wa buluu waonyesha kwamba mafuta yanaungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Na mgongo wa chuma kutoka chini ya injini huwa dalili ya beringi zilizokwisha. Hayo gharama yake ni kubwa zaidi.

Pili, uliza bei tatu: ya motokaa kama yako ikiwa nzima, ya yako ilivyo sasa, na ya matengenezo. Tuseme nzima yauzwa shilingi 400,000, na mbovu 150,000. Tofauti ni 250,000. Matengenezo yakiwa 120,000, tengeneza, hata kama wakusudia kuiuza baadaye. Yakiwa 260,000, iuze. Fedha ulizonunulia matairi mwaka jana usizitie katika hesabu hii. Hizo zimekwisha kwenda.

Tatu, ukitia injini nyingine, hapana budi nambari yake iandikishwe katika kitabu cha gari kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Usipofanya hivyo, siku ya kuuza utapata taabu.

Kwetu ilikuwa gasketi na kichwa kilichopinda, na gharama haikufika nusu ya tofauti ile. Hata hivyo mke wangu naye alikuwa na haki: tulilipa karo kwanza. Motokaa ikangoja miezi miwili chini ya mti, nami nikapanda matatu pamoja na wenzangu.

Siku hizi kila asubuhi, injini ikiwa bado baridi, natazama maji katika rejeta kabla ya kuwasha. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.