Kompyuta Yenye Kigugumizi

Fungueni madaftari yenu, shikeni kalamu. Leo tutasoma, tutaandika, na tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu ni juu ya michezo ya kompyuta. Pengine mzee mmoja hapo nyuma anasema, "Hayo ni mambo ya watoto." Ngoja kwanza, mzee wangu. Kompyuta hiyo ikiharibika, fedha ya kuitengeneza hutoka mfukoni mwa nani?

Basi tuchukue mfano. Kijana mmoja wa Katonga ana chumba kidogo chenye kompyuta mbili. Jioni vijana wenzake huja kucheza mchezo wa mpira, nao hulipa. Sasa wameanza kulalamika. Mchezaji anakaribia goli, anataka kupiga, mara picha inaganda. Ikifunguka, mpira umekwisha kunyang'anywa. Wateja wanahama mmoja mmoja. Kijana anamwendea mama yake, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa. Anasema, "Mama, kadi ya picha imechoka. Nisaidie ninunue nyingine."

Mama anayo fedha kidogo. Ameiweka kwa ajili ya siku za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika. Kabla ya kufungua fundo la kanga, anauliza neno moja: "Mwanangu, umejuaje?"

Kijana ananyamaza. Leo tutamsaidia kujibu.

Kwanza tufahamu kuganda ni nini. Mchezo unaouona kwenye kioo ni picha nyingi zilizosimama, zinazofuatana upesi. Mara nyingi kompyuta huchora picha 60 kwa sekunde moja. Ukiigawa sekunde katika vipande 1000, kila kipande huitwa milisekunde. Sasa andika: 1000 gawanya kwa 60. Jibu ni karibu 17. Yaani kila picha ina milisekunde 17 tu za kuchorwa.

Sasa twende pwani. Mtumbwi umeingia na ndoo 60 za dagaa. Wachukuzi wakileta ndoo moja kila dakika, mwanikaji hutandaza vizuri, na saa moja ikiisha kazi imekwisha. Lakini wakikaa robo saa bila kuleta kitu, kisha wakamwaga ndoo 15 kwa pamoja, mwanikaji atangoja bure, halafu ataelemewa. Mwisho wa saa hesabu ni ileile, ndoo 60. Je, kazi ilikuwa ileile? Haikuwa.

Na kompyuta ni hivyo hivyo. Tuseme katika sekunde moja picha 59 zimechukua milisekunde 15 kila moja. Zidisha: 59 mara 15 ni 885. Zimebaki milisekunde 115, nazo zote zimeliwa na picha moja. Jumla ni picha 60, na namba iliyo pembeni mwa kioo itasema 60. Lakini macho yameona ile moja iliyochelewa. Jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 2011 na Mmarekani Scott Wasson, mwandishi wa The Tech Report. Alionyesha kwamba kuhesabu picha za kila sekunde hakutoshi; yafaa kupima muda wa kila picha. Siku hizi ziko programu za kupima hivyo, kama PresentMon na CapFrameX, nazo huchora mstari. Mstari ukiwa tambarare, mchezo ni laini. Ukiinuka ghafula kama mlima, hapo ndipo penye kigugumizi.

Sasa tutafute anayechelewesha. Jiulize maswali haya kwa utaratibu.

Swali la kwanza: je, kosa ni la kompyuta au la mtandao? Ikiwa unacheza na watu walio mbali, nao wanaruka-ruka huku picha yako yenyewe inakwenda vizuri, huenda mtandao ndio mzito. Cheza peke yako bila mtandao. Kuganda kukiisha, usiilaumu kadi ya picha.

Swali la pili: kigugumizi huanza lini? Kikianza baada ya nusu saa, shuku joto. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya kompyuta, ikipata joto kali hupunguza kasi yenyewe isije ikaungua. Vumbi la kiangazi huziba feni na njia za hewa. Zima kompyuta, chomoa waya, fungua, upulize vumbi taratibu, huku umeizuia feni isizunguke. Na kompyuta ya mapajani usiiweke juu ya godoro, utaiziba pumzi.

Swali la tatu: je, huganda mara ya kwanza tu ufikapo mahali papya katika mchezo, na ukirudi hapagandi? Basi huenda kompyuta ilikuwa inajifunza namna ya kuchora vitu vya hapo. Michezo mingi ya sasa ina tabia hiyo. Subiri, uache mchezo umalize matayarisho yake.

Swali la nne: nani mwingine anafanya kazi humo ndani? Katika kompyuta ya Windows bonyeza vitufe vitatu pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Utaona orodha ya programu na asilimia za kazi. Tazama kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Ikijaa, kompyuta huweka mizigo kwenye diski, na diski ni nzito kuliko ramu, hasa ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Funga programu usizozitumia. Tazama pia kama Windows inajipakulia masahihisho wakati wateja wanacheza.

Swali la tano: je, umeme umekatika? Kompyuta ya mapajani ikitumia betri, mara nyingi hupunguza nguvu ili betri idumu. Ijaribu tena ukiwa umeichomeka.

Sasa sikilizeni kanuni kubwa: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, uandike. Piga mistari katika daftari, upate safu tatu: saa, nilichobadili, nilichoona. Ukipuliza vumbi, ukafunga programu na kupunguza ubora wa picha siku moja, mchezo ukapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Kesho ugonjwa ukirudi, utaanza upya.

Tuseme kijana wetu ameandika hivi: "Saa 12 jioni, mchezo laini. Saa 12 na nusu, unaganda. Nimesafisha feni. Saa 2 usiku, bado laini." Hapo amempata mhalifu. Sasa anaweza kumjibu mama yake, na fedha ya mbalamwezi imebaki katika fundo.

Je, kadi ya picha haiwi dhaifu kamwe? Huwa. Mchezo ukiwa mzito tangu mwanzo, mashine ikiwa ya baridi, na ukipunguza ubora wa picha ukawa mwepesi mara moja, basi kadi yaweza kuwa ndiyo iliyoelemewa. Hata hapo, kwanza uiamuru ichore picha 30 tu kwa sekunde. Picha 30 zinazokuja kwa mwendo mmoja hupendeza macho kuliko 60 zinazojikwaa. Wapiga kasia wanalijua jambo hili: mtumbwi huenda vizuri wote wakivuta pamoja, hata kama hawavuti kwa haraka.

Maneno ya kuandika: milisekunde, prosesa, ramu.

Maswali:
1. Kwa nini namba 60 yaweza kuficha kigugumizi?
2. Mchezo ukianza kuganda baada ya nusu saa, utatazama nini kwanza?
3. Kwa nini tunabadili jambo moja tu kwa wakati mmoja?

Jibuni katika madaftari, na mwalimu wenu atasahihisha. Na mtu akikuomba fedha ya kifaa kipya, muulize kwa upole kama yule mama: "Umejuaje?" Kwaherini, mpaka somo lijalo.