Nani Aambiwe Kwamba Umepunguzwa Tumbo?

Mtu akitolewa kidole tumbo, jirani hatajua asipoambiwa. Upasuaji wa kupunguza uzito hauna siri ya namna hiyo. Katika miezi sita ya kwanza mwili unashuka kwa kasi: pete inachomoka yenyewe, gauni lililoshonwa kwa ajili ya Idi linapwaya kabla Idi haijafika, na kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele za wengi huanza kudondoka. Watu wataona tu. Kilichobaki mikononi mwa mgonjwa ni maelezo, na nani ayapate.

Wagonjwa wengi huliacha swali hili mpaka mwisho. Tumeshamaliza habari za lishe na vipimo vya damu, mtu ameshasimama, ndipo anauliza: "Sasa nyumbani nikaseme nini?" Mimi ningependa lijibiwe mapema, kabla ya kisu. Anayeingia chumba cha upasuaji bila jibu hulitunga kitandani, dawa ya usingizi ikiwa bado haijamtoka vizuri, na atalazimika kuishi nalo miaka.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani, maana mtaani mambo matatu huitwa kwa jina moja. Liko puto, linaloingizwa kwa mdomo bila kupasua na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 6. Hapa Tanzania wengi wamelisikia kwa sababu ya huduma ya hospitali ya Mloganzila. Uko upasuaji ambao madaktari huuita slivu, unaoongoza duniani siku hizi: asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba. Na iko baipasi, ambapo daktari hutengeneza kifuko cha takribani mililita 30, akakiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita kando ya sehemu kubwa ya mfuko wa zamani. Puto lina mwisho. Slivu haiwezi kurudishwa, na baipasi hufanywa kwa nia ya kubaki nayo maisha yote. Kwa hiyo anayeficha puto anaficha jambo la nusu mwaka, na anayeficha slivu au baipasi ajiandae kuificha mpaka uzeeni.

Wako watu ambao suala la kuwaambia au kutowaambia halipo. Hao ni wote watakaokutibu kuanzia siku hiyo, hata kama wanatibu kitu kingine kabisa. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakidhani daktari wa upasuaji akijua inatosha. Haitoshi. Aliyefanyiwa baipasi akimeza diklofenaki, brufeni au aspirini kwa mazoea yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo, na dawa hizo kwetu hutolewa dukani kama pipi. Muuza duka la dawa wa mtaani naye, basi, inafaa ajue, au angalau asikie ukisema waziwazi: "Usinipe diklofenaki, nina tatizo la tumbo."

Kliniki ya wajawazito ni mahali pengine. Mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, lakini uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi sana baada ya baipasi. Muuguzi wa uzazi wa mpango asiyejua atakupa vidonge vile vile. Mimba ikija, mkunga asiyejua anaweza kukupa maji ya glukosi kwa kipimo cha kisukari, na kwa aliyefanyiwa baipasi sukari hiyo ikiingia utumboni kwa mkupuo huleta jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuhara na kizunguzungu. Kipo kipimo kingine cha kutumia, ila lazima ajulishwe.

Linalonitia hofu zaidi ni maumivu makali ya tumbo yanayokuja miaka mitatu au mitano baadaye. Baada ya baipasi utumbo unaweza kupenya kwenye nafasi iliyoachwa ndani ya tumbo ukanasa. Ni dharura ya saa chache. Daktari wa zamu, saa nane za usiku, mkoani, asipojua historia yako atafikiria taifodi au vidonda vya tumbo, akakuandikia dripu na kukuambia urudi kesho. Kutapika kusikokoma nako kuna hatari yake: vitamini B1 huisha mwilini, na mgonjwa akiwekewa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo, ubongo unaweza kudhurika. Na wewe wakati huo huenda huwezi kusema lolote. Lazima awepo mtu mmoja unayeishi naye anayejua jina kamili la upasuaji uliofanyiwa, mwaka, na hospitali. Yakiandikwa pia kwenye kadi ndani ya pochi, ni bora zaidi.

Mtu huyo mmoja ni nani? Wengi wanatarajia niseme mume au mke, na mara nyingi ndivyo ninavyosema. Lakini saini ya ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe, mtu mzima mwenye akili timamu, na ziko nyumba ambazo mwenzi ndiye wa mwisho kuaminiwa, hasa penye kipigo au matusi kuhusu mwili. Hapo dada, au rafiki wa miaka mingi, anafaa zaidi. Penye amani, kumficha mwenzi ni kosa la hesabu. Watafiti wa Sweden, nchi iliyofuatilia wagonjwa wa upasuaji huu tangu mwaka 1987, walichapisha mwaka 2018 matokeo yaliyozungumzwa sana: waliokuwa na wenzi wakafanyiwa upasuaji waliachana zaidi kuliko watu wanene ambao hawakufanyiwa, na waliokuwa peke yao waliolewa au kuoa zaidi. Sioni hapo sababu ya kuogopa upasuaji. Ninachoona ni kwamba mwili ukibadilika, mambo mengi ya ndani ya nyumba hubadilika nao: nani anatazamwa, nani anajiamini, nani sasa anataka kutoka jioni. Mwenzi aliyefichwa atayaona mabadiliko hayo yote bila kujua yametoka wapi, na atayatafutia sababu mwenyewe. Sababu atakayoipata haraka ni mtu mwingine.

Baada ya nyumba kuna chakula, na hapa kwetu ndipo siri hufa. Mgonjwa wa miezi ya mwanzo anakula vijiko vichache, hanywi maji wakati wa kula, na akizidisha tonge moja anaweza kutapika. Sasa mpeleke ukweni. Kukataa chakula ni kumkataa aliyepika, na "ongeza basi" haiombwi mara moja. Cha ajabu, sinia ni rafiki wa mwenye siri: watu sita wakila pilau pamoja, hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake, ukichezesha mkono tu umepita. Anayekupakulia sahani yako ndiye anayekujua. Kwa hiyo nawauliza wagonjwa: nani hukupakulia? Kama ni mama, au mama mkwe unayeishi naye, aambiwe jambo fulani, japo si lazima aambiwe yote. "Daktari amenipangia kula kidogo kidogo mara nyingi" ni kweli tupu, na inafunga mlango kwa heshima. Wa kwenye harusi na vikao vya kitchen party hawana haja ya zaidi ya hapo.

Rafiki wa baa yeye anastahili zaidi kidogo. Baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu haraka na kupanda juu kuliko zamani, na hatari ya kuizoea huongezeka. Anayekununulia bia mbili kama kawaida yenu, kisha akakuachia ufunguo wa gari, anaweza kukuua bila kujua.

Nimesema maelezo ndiyo yaliyobaki mikononi mwa mgonjwa. Asipoyatoa, wengine watayatoa. Miaka ya 1980 nchini Uganda UKIMWI ulipewa jina la "slim" kwa jinsi ulivyokondesha watu, na mitaani kwetu mpaka leo mtu mnene akipungua ghafla wapo watakaonong'ona kwamba ana ngoma. Wengine watasema karogwa, au mume kaoa mke wa pili. Siku hizi limeongezeka la sindano za kupunguza mwili. Mgonjwa wa mji mkubwa anaweza kuyapuuza yote haya. Mwalimu wa wilayani, au mfanyabiashara anayekopeshwa kwa sababu anaonekana ana afya, huenda akaona nafuu kusema sentensi moja mapema, "Nilikuwa na tatizo la uzito, nikatibiwa hospitalini," kuliko kuulipia uvumi.

Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kuambiwa wamepita njia ya mkato. Woga huo una msingi: tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba watu humthamini kidogo aliyepungua kwa upasuaji kuliko aliyepungua kwa mazoezi, hata kilo zikiwa zile zile. Binafsi huwa nacheka. Anayesema ni mkato hajaishi wiki mbili kwa supu iliyochujwa, wala hajapangiwa vidonge vya madini na vitamini vya kumeza maisha yake yote. Lakini huna deni la kumfundisha kila mtu.

Mfano maarufu wa siri iliyoharibika unatoka Marekani. Star Jones, mwanasheria aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha The View, alifanyiwa baipasi mwaka 2003. Alipungua mbele ya kamera kila siku, na kwa miaka minne hakutaja upasuaji, mpaka alipokiri mwaka 2007 kwenye jarida la Glamour. Barbara Walters, aliyekuwa mwenzake kipindini, alieleza baadaye kwamba wao waliujua ukweli lakini ikabidi washirikiane kuuficha, Jones mwenyewe akiwa anasema ni kula kidogo na mazoezi ya Pilates. Hilo la wenzake ndilo linalonigusa. Ukimpa mtu siri umempa na kazi ya kuitunza, na wengine hawakuiomba. Chris Christie, wakati huo gavana wa New Jersey, alichagua vingine mwaka 2013: alilazwa kwa jina la bandia, akawekewa ndani ya tumbo mkanda wa kubana mfuko wa chakula, na miezi michache baadaye alipohojiwa na gazeti akasema ndiyo, nimefanya, kwa ajili ya mke wangu na watoto. Alikuwa amenyamaza tu, kwa hiyo hakuwa na uongo wa kuusahihisha.

Kati ya kunyamaza na kudanganya ndipo ninapokuwa mkali. Una haki kamili ya kusema "ni mambo yangu na daktari." Huna haki ya kusema ni tangawizi na limau. Kauli hiyo husikilizwa na mtu mwenye kilo 130, presha na magoti yanayouma, naye atavinywa miezi mitatu, hatapungua, kisha atajiona hana nidhamu. Wapo hata wanaopasuliwa kimya kimya, halafu wanaanza kuuza mtandaoni unga wa chai ya kupunguza tumbo, picha zao za kabla na baada zikiwa ndiyo tangazo. Huo sitauita siri. Ni utapeli.

Kazini mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Mwombe aandike muda wa kupumzika tu, asitaje upasuaji. Kama bima ni ya mwajiri, uliza fomu inapita kwa nani, maana mara nyingi habari huvujia kwa karani wa fomu kabla bosi hajajua lolote.

Michango ni habari nyingine. Gharama ni mamilioni ya shilingi, na ukichangisha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo umeshatangaza, hata ukiandika "matibabu" tu. Shangazi aliyetoa laki moja atataka kujua ni matibabu gani, na sioni namna ya kumlaumu. Anayetaka usiri akope mahali ambapo hapaulizwi, au asubiri akusanye.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua watu wachache. Uzito hufika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kilo kadhaa hurudi kwa wengi. Hilo ni la kawaida, lakini waliojua wataanza: "Si ulikatwa tumbo wewe?" Unapopanga nani aambiwe, mfikirie mwaka wa nne, na ujiulize kama wakati huo utataka awepo.

Yupo mmoja ambaye naona anastahili kuambiwa hata kama hayumo kwenye hesabu yoyote niliyotaja. Ni yule anayekungoja watu waondoke, akakuvuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini umefanyaje, na ukimtazama unaona anapumua kwa shida kwa kupanda ngazi tu. Mpe jina la kliniki. Mweleze na kutapika, na nywele, na vidonge vya kila siku, asije akadhani ulilala mnene ukaamka mwembamba.