Kujua Kazi na Kujua Kuifundisha: Masomo ya Juu kwa Walimu wa Sanaa

Juma hili tunazungumzia jambo linalogusa nyumba nyingi zenye binti aliyesoma sanaa, ushonaji au mapambo.

Binti amemaliza lisansi. Anajua kuchora, anajua kukata nguo, anajua kupanga rangi. Sasa anasema anataka kuendelea na masta ili afundishe sanaa. Baba anauliza: “Tumelipa miaka yote hiyo ili ajue kuchora. Kumebaki nini tena cha kujifunza?” Swali hilo ni la haki, kwa sababu feza ya minervali inatoka katika shamba au katika meza ya soko. Tulijibu bila haraka.

Mkono unajua, mdomo haujui

Tumwangalie mama fundi mwenye mashini tatu na wasichana kumi wanaojifunza kwake. Yeye anakata kikwembe bila patroni, kwa jicho tu, na nguo inakaa vizuri. Msichana akimuuliza kwa nini ameacha vidole viwili vya kitambaa pembeni, anajibu: “Tazama tu, utajua.” Wawili kati ya wale kumi wanatazama na kujua. Wengine wanabaki kufagia na kutia makaa katika pasi. Mwaka unapita, wazazi wamelipa, mtoto hajui.

Mama huyo si mwalimu mbaya kwa moyo. Mikono yake inajua mambo ambayo mdomo wake haujajifunza kuyasema.

Njia ya kutazama tu ina heshima yake. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, na wanawake wanakitia nakshi kwa sindano, wengi wao bila kuchora kitu juu ya kitambaa, kwa sababu mchoro wote uko kichwani. Binti anajifunza kwa kukaa karibu na wakubwa miaka na miaka. Lakini shuleni kuna watoto arobaini au zaidi, mwalimu mmoja, na saa moja kwa juma. Hapo kutazama hakutoshi. Mwalimu anahitaji njia nyingine, na njia hiyo inasomewa.

Yanayofundishwa

Masomo ya juu ya ualimu wa sanaa yanagusa mambo matatu makubwa.

La kwanza ni namna mtoto anavyokua katika kuchora. Mwalimu Viktor Lowenfeld, katika kitabu alichokitoa mwaka 1947, alipanga hatua hizo. Mtoto wa miaka 2 mpaka 4 anakwaruza tu. Kuanzia miaka 4 hivi anachora mtu mwenye kichwa kikubwa, na miguu inatoka moja kwa moja kichwani. Kati ya miaka 7 na 9 anaweka mstari wa udongo chini na mbingu juu. Baada ya hapo anaanza kuona kwamba mchoro wake haufanani na kitu chenyewe, na wengi wanaacha kuchora kwa haya. Mwalimu asiyejua hayo anampiga wa miaka 5 kwa kosa ambalo si kosa, na anamwacha wa miaka 10 bila msaada wakati anapouhitaji sana.

La pili ni kupanga somo na kutoa pointi. Utampa nani 8 juu ya 10? Aliyeiga ubao vizuri, au aliyetafuta yake mwenyewe? Utafundisha rangi namna gani kama shule haina hata kopo moja la rangi?

La tatu ni utafiti. Mwanafunzi wa masta anaandika kazi ya mwisho, ile tunayoita memwari. Hapo anaweza kuchunguza jambo la kwetu: namna ya kufundisha ufinyanzi mahali pasipo tanuru, au namna nakshi za Wakuba zinavyoweza kusaidia somo la jometri.

Mifano karibu nasi

Swali la namna ya kufundisha sanaa si geni katika nchi yetu. Mwaka 1943 Frère Marc-Stanislas alianzisha shule ya sanaa huko Gombe-Matadi. Mwaka 1949 ikahamia Kinshasa, na baadaye ikawa Académie des Beaux-Arts tunayoijua leo, shule yenye programu na diploma. Mwaka 1946, huko Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya namna nyingine. Hakutaka wachoraji wafuate kanuni za Ulaya. Aliwaachia kila mmoja atafute mkono wake. Hapo walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, huyu aliyepaka rangi kwa vidole. Kufuata programu au kuachia mkono huru: walimu wanabishana mpaka leo, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe la masta.

Jirani zetu wa Uganda wana mfano unaotugusa sisi wanawake. Margaret Trowell alijifunza kuchora London. Halafu akasomea kufundisha kuchora, kwa mwalimu Marion Richardson, ambaye aliwaambia watoto wafumbe macho, wasikilize hadithi, kisha wachore walichoona ndani. Mwaka 1937 Trowell alianza kufundisha kwenye baraza la nyumba yake Kampala, na darasa hilo likawa shule ya sanaa ya Makerere. Rosemary Karuga wa Kenya, anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kusoma hapo, aliingia mwaka 1950. Alifundisha shuleni miaka mingi, na uzeeni akajulikana kwa picha alizotengeneza kwa vipande vya karatasi za sabuni na mifuko ya unga. Chanzo cha yote hayo ni mchoraji mmoja aliyekubali kusomea pia kufundisha.

Tahadhari ya jina la diploma

Hapa familia nyingi zinachanganyikiwa. Katika mfumo wa zamani, gradua ilikuwa miaka 3, na lisansi miaka 2 juu yake, jumla 5. Katika mfumo mpya wa LMD, lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, na masta ni miaka 2 yenye krediti 120. Kwa hiyo lisansi ya mama na lisansi ya binti zina jina moja lakini si miaka ile ile. Anayepeleka karatasi zake nchi nyingine aeleze mfumo aliosomea, na aulize kwanza kama diploma yake inatambuliwa. Uganda masomo ni kwa Kiingereza. Asiyekijua ahesabu pia muda wa kujifunza lugha.

Kabla ya kulipa

Sisi hatusemi kila binti aende. Mwenye mkono usio imara aimarishe mkono kwanza. Anayefaidika zaidi ni yule aliyekwisha kufundisha miaka michache, kwa sababu anaingia darasani na maswali yake tayari. Msiuze shamba kwa ajili ya jina la diploma. Nendeni mahali penyewe, mkaulize:

– Je, masomo haya ni ya kufundisha sanaa, au ni ya sanaa tu?
– Je, kuna mazoezi katika shule zenye watoto, na ni juma ngapi?
– Nani ataongoza memwari, na je, amewahi kufundisha watoto?
– Je, mama mwenye kazi na watoto anaweza kusoma jioni au wakati wa likizo?
– Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na vifaa, usafiri na memwari?

Wakikujibu swali la minervali tu, na mengine wakayazunguka, rudi nyumbani na feza yako.

Kwa asiyeweza kwenda

Mama fundi anaweza kuanza juma hili. Achukue nguo moja rahisi, aandike hatua zake zote kwa mpangilio, kisha ampe msichana asome na afanye bila kumuuliza. Mahali atakaposimama, ndipo maelezo yanapopungua. Amwachie kila msichana kitambaa chakavu chake mwenyewe cha kukosea. Na kila Ijumaa mmoja wao awaeleze wenzake alichojifunza, kwa maneno, makasi yakiwa chini.

Wale wanaofundisha ushonaji, ufinyanzi au kuchora wanaombwa walete hatua walizoandika kwenye kikao chetu kijacho. Tutazisoma pamoja, na wasichana wenyewe watatuambia wapi hawaelewi.