Mshipi wa Kiti cha Nyuma Unaanzia Sakafuni

Siku ya ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ikikaribia, mwenye gari hukumbuka mambo aliyoyaacha yalale mwaka mzima. Atatazama tairi, taa, breki, na mwisho kabisa mishipi ya viti vya nyuma. Ndipo anapomwendea fundi wake Makongeni au kando ya Bypass pale Ruiru: "Boss, nifungie mishipi ya nyuma, kesho niko NTSA." Fundi anafunga, gari linapita, cheti kinatoka. Swali ambalo wengi hawaulizi ni mshipi huo umefungwa kwenye nini.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 22A cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka viti viwe na mishipi na wanaovikalia waifunge. Gari la abiria linadaiwa zaidi: mishipi yake iwe safi, kavu, na katika hali ambayo mtu anaweza kuivaa. Kanuni za makosa madogo za 2016 ziliweka faini ya shilingi 1,000 kwa kila kiti kisicho na mshipi, 500 kwa anayesafiri bila kuufunga, na 500 nyingine kwa mishipi michafu. Faini ya kutofunga ni ya abiria mwenyewe. Kwa hiyo mama aliyeketi kiti cha nyuma kabisa kwenye matatu ya 237 kuelekea Thika hana haja ya kungoja makanga apige kelele kwamba kuna polisi mbele.

Waliokuwa wakipanda matatu kabla ya Februari 2004 wanakumbuka tulikotoka. Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003, lililobandikwa jina la John Michuki aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, lilileta mstari wa manjano, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mshipi kwa kila kiti. Nissan zilizokuwa zikibeba 18 zikashushwa hadi 14. Zilikuwa kanuni nzuri, na ziliokoa watu. Lakini magari yasiyowahi kuwa na mishipi yalilazimika kuipata kwa mkupuo, na naamini hapo ndipo ilipoota desturi ya kufunga mishipi ili gari lirudi barabarani tu, pasipo hesabu ya ajali yenyewe. Novemba 2018 serikali iliporudi kuzisimamia kanuni hizo kwa nguvu, pilikapilika za gereji zilikuwa zile zile.

Sasa tuifanye hiyo hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linasafiri mita 22 kila sekunde. Likigonga lori lililosimama bila taa baada ya Juja, bodi husimama kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini abiria wa nyuma bado ana mwendo wake wote. Nguvu anayokuja nayo ni ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 25, yaani kama ghorofa ya nane. Mtu wa kilo 70 akisimamishwa katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mshipi wake unabeba mzigo unaozidi tani moja na nusu. Ndiyo maana Kanuni nambari 14 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari inataka sehemu za kufungia mshipi wa kiunoni katika gari dogo zijaribiwe kwa mvuto wa zaidi ya tani mbili kwa kila kiti.

Mzigo huo hauishii kwenye utepe. Unapita kwenye kifungio, unashuka kwenye kibati cha chuma, unafika kwenye bolti, na kutoka hapo unaingia kwenye sakafu au kwenye fremu ya kiti. Katika mnyororo huo, utepe ndio sehemu ambayo kila mtu anaiona, na kwa kawaida ndio wenye nguvu kuliko yote. Bolti ndiyo inayonihangaisha. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani yalitoka kiwandani na bolti za mshipi za inchi 7/16, za chuma kigumu, zenye hesi nyembamba. Ikipotea moja, fundi huingiza mkono kwenye kopo la bolti kuukuu akatoa ya milimita 10. Inaingia ikilegea, basi anaitia washa na kuikaza. Au anachukua ya 12 na kuilazimisha, nayo inakula hesi za shimo. Kwa macho zote mbili zimekaa sawa. Mkaguzi akiuvuta mshipi kwa mkono hautachomoka, kwa sababu mkono wa binadamu hauvuti tani moja na nusu.

Kwenye matatu jambo hili ni zito zaidi. HiAce nyingi zilizoko barabara ya Thika zilianza maisha zikiwa magari ya mizigo, sakafu tupu nyuma ya dereva. Viti vilitengenezwa na kufungwa hapa nchini, na mshipi umeshikizwa kwenye fremu ya kiti, si kwenye bodi. Maana yake mshipi hauwezi kuwa imara kuliko miguu ya kiti. Miguu ikiwa imefungwa kwenye bati jembamba bila kipande kinene cha chuma chini yake, ajali inang'oa vyote pamoja: abiria, mshipi na kiti, vikamwangukia wa mbele. Shirika la Viwango, KEBS, lina kiwango cha KS 372 kwa wanaounda bodi za magari ya abiria, na anayenunua gari lililobadilishwa ana haki ya kumuuliza aliyelibadilisha kama alikifuata. Ainame pia chini ya gari atazame. Akikuta bolti zimetokeza na washa ndogo tu, bila bamba la kuzishikilia, hapo kazi haijafanywa.

Magari madogo yana ugonjwa wao. Mshipi wa kisasa hujikunja kwenye roli ambayo ndani yake kuna kigololi au kipande kidogo cha chuma kinachosikia gari likiinama au likipunguza mwendo ghafla, kikaifunga roli isizunguke. Kifaa hicho kinategemea pembe. Roli iliyotolewa kwenye gari jingine, ikafungwa hapa kwa mwinamo tofauti, itajiona imo kwenye ajali siku nzima na itakataa kuvutika. Fundi asiyeielewa huifungua na kukitoa kile kigololi, na mara mshipi unavutika vizuri, mwenye gari anashukuru. Alichopewa ni utepe usioshika kitu. Jaribu mwenyewe: uvute polepole, unapaswa kuja, uchomoe kwa ghafla, unapaswa kugoma, uachie, urudi wote ndani. Mshipi ukishindwa lolote kati ya hayo, nunua roli ya modeli ile ile ya gari lako, na ifungwe mahali pake pa awali.

Kuna kosa jingine dogo ambalo halina sababu ya kuwapo. Mtu ananunua gari safi, analipeleka kushonewa viti, na fundi wa viti anavifunika vifungio vya nyuma chini ya ngozi mpya. Gari linafika ukaguzini likiwa na mishipi mitatu na halina pa kuichomeka hata mmoja. Kabla ya kumlipa fundi huyo, keti nyuma na ufunge mshipi wa kila kiti. Na mishipi ikichafuka, ioshe kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu, uiache ikauke ikiwa imevutwa nje. Dawa za kung'arisha nguo hudhoofisha nyuzi. Utepe uliochanika ukingoni, ulioungua kwa sigara, au uliokuwa umefungwa na mtu siku ya ajali, hauna dawa: unabadilishwa.

Madereva wengi hudhani mshipi wa nyuma ni shauri la aliye nyuma. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Masao Ichikawa na wenzake kuhusu ajali za Japani. Walikuta kwamba waliokaa mbele, wakiwa wamefunga mishipi yao vizuri, walikabiliwa na hatari ya kufa karibu mara tano zaidi ikiwa aliye nyuma yao hakufunga. Mwili wake ndio uliowaponda. Japani ililazimisha mishipi ya nyuma kwa wote mwaka 2008. Dereva anayefahamu hilo hataondoa gari mpaka asikie mlio wa vifungio vya nyuma, hata kama safari ni ya kutoka Ruiru mjini hadi Kimbo.

Matatu nyingi zina mshipi wa kiunoni pekee, na huo una namna yake. Ulaze chini, kwenye mifupa ya nyonga, uukaze mpaka usiwe na nafasi. Ukikaa tumboni, siku ya ajali utaumiza matumbo, kwa sababu tumbo halina mfupa wa kuupokea. Mja mzito aupitishe chini ya mimba, kamwe usipite juu yake. Mtoto aliyepakatwa asifungwe pamoja na mzazi katika mshipi mmoja, maana uzito wa mzazi utambana mtoto kwenye utepe. Apewe kiti chake, hata kama nauli itapanda.

Na ukimpelekea fundi gari kwa ajili ya ukaguzi, mwombe akuonyeshe bolti kabla hajazirudishia kifuniko cha plastiki. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na baada ya hapo hakuna mkaguzi atakayeziona.