Mmarekani Ugenini na Mlango wa Ubalozi Wake

Wako watu wengi wanaoamini kwamba mwenye pasipoti ya Marekani hana la kuogopa popote duniani. Akikamatwa, husemwa, ubalozi wake utapiga simu na milango ya mahabusu itafunguka. Akiishiwa na fedha, ubalozi utamlipia. Akifa ugenini, serikali yake itaugharimia mwili wake mpaka ufike kwao. Imani hiyo haina msingi. Yafaa ukweli wake uelezwe, kwanza kwa kuwa hata Wamarekani wenyewe wengi huwa na imani hiyo hiyo mpaka siku ya shida, na pili kwa kuwa ndani ya jambo hili limo fundisho kwa kila taifa ambalo watoto wake wanaishi katika nchi za watu.

Wamarekani wanaoishi nje ya nchi yao si wachache. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imepata kukadiria kuwa wanafikia milioni 9, ingawa raia wa kawaida walioko nje hawahesabiwi katika sensa ya nchi hiyo. Miongoni mwao wamo walimu, wamisionari, wafanyabiashara, wanafunzi, wastaafu, watu waliooa au kuolewa ugenini, na watoto ambao hawajapata kuikanyaga nchi ya wazazi wao. Wote hao, wakiwa na haja na serikali yao, hubisha hodi katika mlango mmoja, nao ni mlango wa balozi mdogo.

Pwani yetu inaijua kazi ya balozi mdogo wa Marekani tangu zamani. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, aliwasili Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Merikebu za Salem zilileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kwa mujibu wa mkataba ule, balozi mdogo ndiye aliyekuwa mwamuzi wa pekee wa mashauri ya Wamarekani wao kwa wao. Mkataba uliongeza kuwa Wamarekani watakaovunjikiwa na chombo katika pwani ya Sultani watatunzwa kwa gharama ya Sultani mwenyewe mpaka wapate njia ya kurudi kwao, wala Sultani hatapokea malipo kwa kuwasaidia watu waliopatwa na msiba.

Zama hizo zimepita. Balozi mdogo wa leo hahukumu mtu. Mmarekani aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Muscat yuko chini ya sheria za Kenya, Tanzania au Oman sawasawa na mwenyeji wa hapo. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Walilolisema kwa adabu ya ugeni, mataifa sasa yameliandika katika mikataba.

Hata hivyo, kazi iliyobaki mikononi mwa balozi mdogo ni kubwa. Mtoto wa Mmarekani azaliwapo ugenini, mzazi humpeleka ubalozini ili kuzaliwa kwake kuandikwe na kutolewe hati ya kuthibitisha uraia wake. Lakini uraia huo haumfuati kila mtoto kama kivuli. Ikiwa wazazi wameoana, na mmoja tu ndiye Mmarekani, sharti huyo awe ameishi Marekani kwa muda usiopungua miaka 5 kabla ya mtoto kuzaliwa, na miaka 2 kati ya hiyo iwe baada ya yeye kutimiza umri wa miaka 14. Wapo wazazi waliofika dirishani na furaha ya kupata mtoto, wakaambiwa kuwa miaka yao haitoshi.

Ubalozi hutoa pasipoti mpya, ambayo kwa mtu mzima hudumu miaka 10, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 hudumu miaka 5. Aliyeibiwa pasipoti huweza kupewa ya dharura ya muda mfupi. Ubalozi hushuhudia sahihi na viapo. Huwasaidia raia kuomba karatasi za kupigia kura, kwa maana sheria ya mwaka 1986 inawapa Wamarekani walioko ng'ambo haki ya kupiga kura katika chaguzi za taifa lao, na sheria nyingine ya mwaka 2009 inazitaka serikali za majimbo zipeleke karatasi hizo siku 45 kabla ya uchaguzi kwa wale walioziomba mapema. Mmarekani akifariki, ubalozi huwatafuta jamaa zake, huwaeleza taratibu za mazishi au za kuusafirisha mwili, na huandika taarifa ya kifo itakayotumika katika mirathi. Gharama ya kuusafirisha mwili ni juu ya jamaa. Serikali haina fungu la kazi hiyo.

Tena iko kazi ya kupasha habari. Raia huombwa kuandikisha majina yao na mahali wanapokaa, ili zikitokea ghasia, mafuriko au ugonjwa wa kuenea, wapate kujulishwa. Tangu zamani ubalozi wa Marekani umewategemea raia wa kujitolea, kila mmoja katika mtaa au mji wake, ambao huupokea ujumbe wa ubalozi na kuufikisha kwa wenzao. Taarifa hizo huwa na mambo ya kawaida kabisa: siku ambazo ofisi itafungwa, mwisho wa kuomba karatasi za kura, tahadhari ya maandamano, safari ya ofisa atakayefika mji wa mbali kupokea maombi ya pasipoti. Mtu huweza kuzidharau kwa miaka 10, kisha siku moja taarifa moja ikawa ndiyo tofauti ya kuondoka salama na kukwama njiani.

Ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, Wizara hiyo ilisaidia kuwarudisha kwao Wamarekani zaidi ya 100,000. Wengi walistaajabu walipotakiwa kutia sahihi hati ya kuahidi kulipa nauli. Huo ndio utaratibu wenyewe. Raia asiye na kitu huweza kukopeshwa fedha za kumrudisha nyumbani, nalo ni deni. Asipolilipa, atapata taabu atakapotaka pasipoti nyingine.

Sasa tuje kwenye mahabusu, mahali ambapo matumaini ya raia huwa makubwa kuliko uwezo wa ubalozi. Balozi mdogo hawezi kumtoa mtu gerezani. Hawezi kumlipia dhamana, faini wala wakili, na hawezi kusimama mahakamani kumtetea. Awezalo ni kumtembelea, kumwona kama anapigwa au ananyimwa chakula na dawa, kumpa orodha ya mawakili wa nchi ile, na kulalamika kwa serikali ya nchi hiyo anapotendewa kinyume cha utu. Hata habari zake hawezi kuwapa wazazi wake bila ridhaa ya mfungwa mwenyewe, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inazilinda siri za raia. Mama anayepiga simu kutoka Ohio huweza kujibiwa kwamba ofisi haina ruhusa ya kumwambia lolote juu ya mwanawe. Mwenye uraia wa nchi mbili yuko katika hali ngumu zaidi. Akikamatwa katika mojawapo ya nchi hizo, wenyeji huweza kusema kwamba huyu ni mtu wao, na balozi mdogo akazuiwa asimwone. Wakenya waliochukua uraia wa Marekani, na ambao katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawaruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, yafaa walielewe hilo.

Wakati huohuo raia huyo aliye mbali hasahauliwi na mtoza kodi. Marekani ni miongoni mwa nchi chache mno duniani, Eritrea ikiwa nyingine, zinazomtoza mtu kodi kwa sababu ya uraia wake hata kama haishi humo. Sheria humsamehe kwa sehemu ya pato alilolichuma ugenini, lakini sharti apeleke hesabu zake kila mwaka, na akiba zake katika benki za nje zikizidi dola 10,000 azitangaze. Tangu ilipopitishwa sheria ya mwaka 2010 inayozitaka benki za dunia nzima kuwataja wateja wao wa Kimarekani, ziko benki zilizoona ni nafuu kuwakataa wateja hao kuliko kujitia katika usumbufu. Raia huyu ana haki ya kuuliza: ikiwa mkono wa serikali yangu ni mrefu kiasi hiki unapopokea, je, unapotoa?

Jibu ni kwamba katika shida iliyo kubwa kuliko zote, mkono huo hautegemei nguvu ya dola. Unategemea ahadi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya mabalozi wadogo, katika kifungu chake cha 36, unasema kwamba mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kuwa ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, akitaka, ujulishwe, na balozi mdogo aruhusiwe kumtembelea, kuzungumza naye na kumpangia utetezi. Kila Mmarekani aliyefungwa ugenini anakitegemea kifungu hiki. Lakini kifungu hicho kina nguvu tu pale ambapo kila upande unakiheshimu.

Marekani yenyewe iliwahi kuuinua mkataba huo juu sana. Tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wake mjini Tehran ulivamiwa, na Wamarekani 52 wakashikwa kwa siku 444. Marekani ilikwenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, ikaitaja mikataba ya Vienna, na mwezi Mei 1980 ikapata hukumu dhidi ya Iran. Dunia ilikubali kwamba Iran ilikuwa imevunja sheria.

Lakini mambo yalikuwaje zamu ilipogeuka? Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walihukumiwa kifo katika jimbo la Arizona mwaka 1984 kwa kosa la kuua. Hawakuwa wameambiwa kuwa wana haki ya kuujulisha ubalozi wao. Mwaka 1999 wote wawili waliuawa, na wa pili aliuawa ingawa mahakama ya The Hague ilikuwa imetoa amri kwamba hukumu hiyo isimamishwe kwanza. Mwaka 2001 mahakama hiyo ilisema Marekani imevunja mkataba. Mwaka 2004 ikasema vivyo hivyo katika kesi iliyoletwa na Mexico, ikaagiza hukumu za raia 51 wa nchi hiyo zichunguzwe upya. Mwezi Machi 2005 Marekani ilijitoa katika itifaki iliyoipa mahakama hiyo mamlaka juu ya mashauri kama hayo, yaani itifaki ile ile iliyokuwa imeitumia dhidi ya Iran. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema uamuzi wa The Hague hauyafungi majimbo mpaka Bunge litunge sheria, na mwezi Agosti mwaka huo jimbo la Texas lilimwua José Medellín, mmoja wa wale 51.

Medellín alikuwa ameshiriki katika mauaji ya wasichana wawili, na hatusemi kwamba hakustahili kuadhibiwa. Swali ni kama ahadi iliyoandikwa ni ahadi kwa wote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Serikali inayoulalamikia mkuki unapomchoma mtoto wake haiwezi kuushika kwa furaha unapomchoma mtoto wa jirani. Haki yataka isemwe pia kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeandika vitabu vya mwongozo na kuwafundisha polisi wa majimbo juu ya wajibu huu. Lakini mafundisho si sheria, na mswada uliopelekwa katika Seneti mwaka 2011 ili kuyafunga majimbo haukupitishwa.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa ulinzi wa Mmarekani ugenini. Kila askari wa kituo cha mbali, katika nchi yoyote, akitaka kumnyima mfungwa wa Kimarekani haki ya kumwona balozi wake, anao mfano wa kuutaja. Bunge la Marekani likitunga sheria hiyo, litakuwa limewasaidia raia wake walioko nje kuliko kwa hotuba nyingi. Nao raia wenyewe wasingoje siku ya dhiki: waandikishe majina yao, watunze vyeti vyao, wazijue sheria za nchi waliyomo, na waiache nyumbani dhana kwamba pasipoti huzishinda sheria hizo.

Wala somo hili si la Wamarekani peke yao. Vijana wetu wako Oman, Ulaya na huko huko Marekani, na baadhi yao watakamatwa, kwa haki au kwa uonevu. Siku hiyo tutataka wasomewe kifungu cha 36. Basi polisi wetu nao wamsomee mgeni kifungu hicho katika saa ya kwanza ya kukamatwa kwake, awe Mmarekani mwenye ubalozi mkubwa mjini, au mtu wa nchi ndogo ambaye ubalozi wake uko mbali na hakuna atakayeuliza habari zake.