Mzazi, kabla ya kununua kifaa cha kompyuta ya gemu, fungua kasha kwanza

Dar es Salaam. Kwa wiki mbili kadi ya grafiki ilikaa chini ya kitanda, imefungwa ndani ya fulana ya zamani na kusukumiwa nyuma ya begi la madaftari.

Mama mmoja mkazi wa Tabata aliikuta siku ya Jumamosi alipokuwa akifagia chumba cha mwanawe wa kidato cha tatu. Alipouliza ni kitu gani, kijana alinyamaza kwanza. Kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Mama, haiingii."

Kadi hiyo ilinunuliwa Kariakoo kwa Sh320,000. Nusu ya fedha ilitoka kwa mjomba, zawadi ya kufaulu mtihani wa kidato cha pili. Nusu nyingine ilitoka kwenye mgao wa kikoba wa mama. Kompyuta yenyewe, ile nyembamba ya ofisini, ilinunuliwa mwaka mmoja kabla ikiwa imetumika, kwa ajili ya masomo. Kijana alitaka iweze kucheza gemu la mpira kama za wenzake. Aliangalia video, akaona kadi aina ya RX 580 ikisifiwa, akaenda kuinunua.

Alipoirudisha dukani, alioneshwa maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni zile wiki mbili," anasema mama huyo. "Mwanangu alikuwa anaogopa kuniambia."

Wazazi wengi wanaombwa fedha za namna hii, na wengi hawajui waulize nini. Mtoto anataja majina na namba, mzazi anauliza bei tu. Hapo ndipo fedha inapopotea.

Kadi nzima, kompyuta nzima

Katika kisa hiki kadi haikuwa mbovu, wala kompyuta haikuwa mbovu. Vitu viwili vizima vilikuwa havioani.

Kompyuta za ofisini zilizotumika, kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zinapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Ni imara, lakini nyingi zilitengenezwa kwa kazi za barua na mahesabu. Tena jina moja na namba moja vinaweza kuwa na maumbo matatu: la mnara, jembamba na dogo linalolingana na kitabu.

Umbo ndilo linaloamua mengi. OptiPlex 7050 ya mnara, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 240. Nyembamba ina wati 180. Ile ndogo kabisa hutumia chaja ya nje kama ya laptopu na haina nafasi ya kadi ya kawaida ya grafiki.

Pawa saplai ya kompyuta ya kijana wa Tabata ilikuwa na kibandiko cha wati 180. Kadi ya RX 580 peke yake inaweza kula wati 185. Hata kama ingeingia, ingedai umeme kuliko ule unaotosha kompyuta nzima. Zaidi ya hapo, ilikuwa ndefu kwenda juu kiasi kwamba mfuniko haukufunga, na ilihitaji waya wa pini 8 ambao haukuwemo ndani ya kasha.

Anza na gemu

Swali la kwanza la kumuuliza mtoto si "kadi gani?" bali "gemu gani?" Kila gemu kubwa huwa na orodha mbili: mahitaji ya chini kabisa na mahitaji yanayopendekezwa. Kwenye duka la mtandaoni la Steam orodha hizo ziko chini ya ukurasa wa kila gemu. Zinaeleza prosesa, RAM, kadi ya grafiki na nafasi ya diski.

Kaeni pamoja, andikeni orodha hiyo kwenye karatasi, kisha andikeni kando yake vilivyomo ndani ya kompyuta yenu. Huenda mkagundua kwamba kinachokwamisha ni RAM ya GB 4 au diski ya zamani, na kadi mpya isingesaidia kitu.

Pima kwa rula

Chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko, shika rula. Kadi hupimwa mara tatu: urefu, kimo na unene.

Kompyuta nyembamba hupokea kadi za kimo kifupi tu, ambazo ni karibu nusu ya kimo cha kadi za kawaida. Unene nao una maneno yake, kwa sababu kadi yenye feni kubwa huchukua nafasi ya sloti mbili. Kwenye baadhi ya makasha sloti imebanana na pawa saplai, hivyo kadi nene haikai. Vipimo vya kadi hutajwa na mtengenezaji, na ni kazi ya dakika tano kulinganisha.

Umeme ni hesabu ya kujumlisha

Sloti ya kwenye mazabodi inaruhusiwa kuipa kadi wati 75 kwa juu kabisa. Kadi inayotaka zaidi lazima iwe na waya wake kutoka pawa saplai: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza wati 150.

Kwa kompyuta ya ofisini isiyo na waya huo, chaguo ni kadi zinazotosheka na umeme wa sloti. Miongoni mwake ni GTX 1050 Ti, GTX 1650 na RTX 3050 ya GB 6, na zote zina matoleo ya kimo kifupi. Hata hivyo angalia kadi yenyewe, maana yapo matoleo ya GTX 1050 Ti na GTX 1650 yaliyowekewa tundu la waya wa ziada.

Wengine hufikiria kubadilisha pawa saplai. Kwenye kompyuta ya kuunda mwenyewe ni jambo rahisi. Kwenye nyingi za ofisini si rahisi, kwa sababu plagi inayoingia kwenye mazabodi si ile ya kawaida ya pini 24, na kasha halipokei umbo la kawaida.

Hapa kuna hatari mbili za kukataa kabisa. Ya kwanza ni waya wa kuunganisha unaochukua umeme kwenye plagi ya diski na kuulisha kwenye kadi kubwa. Plagi ya diski haikutengenezwa kubeba mzigo huo na inaweza kuyeyuka au kuwaka. Ya pili ni kuchanganya nyaya za pawa saplai mbili tofauti. Plagi zinaweza kufanana huku mpangilio wa umeme ndani yake ukiwa tofauti, na vifaa vikaungua mara moja. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe nyumbani, kwa kuwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

RAM, prosesa na diski

RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina pengo mahali tofauti ili isiingie pasipo pake. Ikigoma, usiisukume. RAM za laptopu ni fupi, na kompyuta ndogo kabisa za mezani hutumia hizo. Inapowezekana, vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja kikubwa, hasa kama kompyuta haina kadi ya grafiki.

Prosesa inaoana na mazabodi kwa soketi, lakini soketi pekee haitoshi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na 7 hutumia soketi yenye jina la LGA1151, na za kizazi cha 8 na 9 hutumia soketi yenye jina hilohilo. Pamoja na hayo, mazabodi za ofisini zilizotengenezwa kwa kizazi cha 6 na 7 haziwashi prosesa za kizazi cha 8. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 hutumia DDR4 na AM5 hutumia DDR5 pekee. Mazabodi ya zamani inaweza kuhitaji kusasishwa BIOS kabla ya kutambua prosesa mpya.

Angalia pia herufi ya mwisho. Prosesa za Intel za mezani zinazoishia na F hazina grafiki ndani yake, kwa hiyo bila kadi skrini haioneshi kitu.

Kuhusu diski, SSD nyembamba za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe. Kwa macho zinakaribia kufanana, lakini zipo sloti zinazokubali aina moja tu. Soma maelezo ya mazabodi kabla ya kulipa.

Je, kompyuta yenyewe inastahili?

Swali hili ni la mzazi zaidi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka usalama wa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha rasmi huanzia karibu yote kwenye kizazi cha 8. Gemu kama Valorant, likiwa kwenye Windows 11, halikubali kucheza bila TPM 2.0 kuwashwa.

Kwa hiyo kwenye kompyuta ya kizazi cha 6 au 7, fedha iende kwenye kifaa kinachoweza kuhamishwa baadaye. Kadi ya kimo kifupi na SSD vinahamishika. Prosesa ya soketi ya zamani haihamishiki.

Kwa familia inayoanza upya, tovuti ya PCPartPicker hukagua bure kama vifaa vilivyochaguliwa vinaoana. Inafaa kwa kompyuta ya kuunda kuliko hizi za ofisini.

Beba kasha dukani

Fundi aliyeitwa na mama wa Tabata alitoa ushauri mmoja ambao familia inasema ungewaokoa tangu mwanzo: usiende kununua ukiwa na jina la kifaa kichwani, nenda na kompyuta mkononi. Kifaa kipachikwe, kompyuta iwashwe, gemu ichezwe dakika 20, ndipo fedha itoke. Na masharti ya kurudisha yaandikwe kwenye risiti.

Kadi ya RX 580 iliuzwa kwa jirani mwenye kompyuta ya mnara yenye pawa saplai ya wati 500, kwa Sh270,000. Sh50,000 zilipotea. Mama na mwanawe walikubaliana zikatwe kidogo kidogo kwenye posho yake ya likizo.

Safari ya pili walikwenda wote wawili na kompyuta ndani ya kikapu. Kijana alikuwa ameandika hesabu kwenye daftari: prosesa wati 65, kadi wati 75, jumla 140, zinabaki 40 kwa vingine vyote. Mama alishika rula. Walirudi na GTX 1050 Ti ya kimo kifupi waliyoinunua kwa Sh260,000, baada ya kuiona ikiwaka kwenye kioo cha dukani.

Gemu linacheza, ingawa si kwa picha za juu kabisa. Utaratibu wa nyumbani ni kwamba huchezwa Ijumaa jioni na Jumamosi, baada ya kazi za shule.

Jambo jingine limebadilika pia. Mwezi uliopita kijana alichana suruali ya shule akiruka ukuta. Alifika nyumbani, akaweka begi chini, akasema kabla hajaulizwa: "Shikamoo mama. Nina habari mbaya, lakini ni ndogo."